"Rudisha Hapo!": Video ya kwaya ya wavulana inavyomnasa mtazamaji

Mtazamaji wa video ya kwaya hahitaji kuulizwa maoni. Kiangalie kidole chake. Akirudisha nyuma, kazi imeshika. Akiruka mbele, imemwacha. Nimekaa na watu wa Kilosa na Mikumi wakitazama video za kwaya za wavulana kwenye simu zao, madukani, nje ya kanisa baada ya ibada, na pale Mikumi mabasi ya Iringa na Mbeya yanaposimama abiria wapate chakula. Jambo moja linajirudia mno kiasi kwamba haliwezi kuwa sadfa. Twiga akipita nyuma ya waimbaji, hawarudishi. Droni ikipaa juu ya mbuga, wanasema "pazuri" na kuendelea. Wanachorudisha ni ile nukta ambapo mvulana mmoja anavuta pumzi, kifua kinapanda, shingo inakaza kidogo, kisha sauti inatoka mahali ambapo jicho lilikwisha kuitarajia.

"Hebu rudisha hapo, mjukuu wangu," bibi mmoja muuza vitenge mjini Kilosa alimwambia kijana aliyemshikia simu. "Huyu anaimba." Katika video ileile kulikuwa na safu nzima ya wavulana wenye sare zilizopigwa pasi vizuri, wakipiga stepu bila kukosea. Bibi aliwaangalia, akanyoosha kidole kioo kizima: "Hawa wengine wanafungua midomo tu."

Hakuwa amesikia kosa lolote. Sauti ilikuwa safi kuliko kawaida. Aliona kosa, na ninataka kueleza aliliona kwa njia gani, kwa sababu ni jambo la ufundi kabisa na linarekebishika kwa gharama ndogo.

Video nyingi za kwaya nchini hutengenezwa kwa hatua mbili. Kwanza wimbo unarekodiwa studio: sauti ya kwanza wanaingia, wanatoka, ya pili wanaingia, wanatoka, tena na besi vilevile, kila kundi na vipokea sauti masikioni. Prodyuza anapanga, anakata, ananyoosha noti zilizopinda. Wiki kadhaa baadaye, au miezi, kwaya inakwenda kushuti. Spika inafungulia wimbo uliokamilika, wavulana wanauimbia pleibeki, na mhariri anabandika picha juu ya sauti ya studio. Utaratibu huu hauna ubaya wenyewe. Hata wanaofanya kazi kwa fedha nyingi duniani hushuti hivyo. Tatizo ni kile kinachopotea kati ya hatua hizo mbili.

Tuanze na umbali. Mikumi inavutia kamera, na ina haki. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata kwa takriban kilomita 50. Uwanda wa Mkata ni mpana na wazi, milima imesimama pembeni, na timu ikiwa na kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, inapata mandhari ambayo hakuna studio inayoweza kuijenga. Sasa dairekta akishafika mahali papana hivyo, anatamani kuijaza picha. Anawapanga wavulana katika mstari mrefu, na spika anaificha nyuma ya gari, upande mmoja.

Katika hewa ya joto la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Video ya picha 25 kwa sekunde ina picha moja kila milisekunde 40. Maana yake ni kwamba kila mita 14 kutoka kwenye spika, mvulana anausikia wimbo kwa kuchelewa picha nzima moja. Aliye mita 28 amechelewa picha mbili, milisekunde 80. Naye, kwa kuwa ni mwimbaji mwenye nidhamu, anafuata kile anachosikia. Mdomo wake unafunguka milisekunde 80 baada ya aliye karibu na spika. Mhariri anapolinganisha sauti na picha kwa kumtazama yule wa karibu, mkia mzima wa safu unabaki nyuma.

Je, binadamu anaweza kuona kitu kidogo hivyo? Viwango vya kimataifa vya utangazaji vinasema mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa kiasi cha milisekunde 45, lakini sauti ikichelewa humchukua hadi 125 hivi ndipo ashtuke. Tofauti hiyo ina mantiki nzuri. Mtu akipasua kuni ng'ambo ya Mto Mkondoa, tunaona shoka likishuka kabla ya kusikia mlio. Maisha yametuzoesha sauti kuja nyuma ya tendo. Tendo kuja nyuma ya sauti ni kitu ambacho ulimwengu haujawahi kutuonyesha. Na mkia wa safu pale mbugani unafanya hasa hicho: sauti ya studio imeshatoka, mdomo unafuata. Bibi wa vitenge hakuhitaji kujua hesabu hizi. Macho yake yalizijua.

Malori ya barabara ile kuu huongeza shida. Kelele zake haziingii kwenye wimbo, maana sauti ni ya studio, kwa hiyo timu haijali. Lakini yanapounguruma kwenye lami yanaifunika spika, na mvulana wa mwisho anaacha kuisikiliza, anaanza kumfuata jirani yake kwa jicho. Ucheleweshaji wa pili unajengwa juu ya wa kwanza.

Dawa ni spika mbili au tatu ndogo zilizofichwa kwenye nyasi karibu na miguu yao, au nusu duara badala ya mstari, au vyote viwili. Uwanda bado utaonekana mpana. Kamera ndiyo irudi nyuma, wavulana wakae pamoja.

Hata hivyo, midomo ikilingana kikamilifu, bado kuna kufungua mdomo na kuna kuimba. Mwili unaotoa sauti ya juu hufanya kazi inayoonekana: mbavu zinatanuka, taya linashuka, mishipa ya shingo inajitokeza kwenye noti ndefu, macho yanakaza kabla ya kuingia. Mvulana anayeigiza kuimba hana sababu ya kuvuta pumzi, kwa hiyo havuti. Namlaumu zaidi dairekta anayewaambia watoto "msitoe sauti, igizeni tu ili msichoke." Waache waimbe kwa sauti kamili kila mara, hata kama hakuna maikrofoni inayowarekodi. Na prodyuza naye asikate pumzi. Wengi huzifuta moja moja wakidhani ni uchafu, na matokeo yake kifua kinapanda kwenye picha lakini sikio halipewi kitu. Pumzi ya wavulana ishirini wakiingia pamoja ni mojawapo ya sauti nzuri zaidi ambazo kwaya inazo, na inafutwa kabla mtu yeyote hajaisikia.

Kwa kipimo cha kile ambacho sauti zenyewe zinaweza kufanya, narudi kila mara Kamina, Katanga, nchini Kongo. Huko, katika miaka ya 1950, padri Mfransisko wa Kibelgiji, Guido Haazen, alikuwa na kwaya ya wavulana na walimu wao, Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliizuru Ulaya, wakaimba kwenye maonyesho ya dunia mjini Brussels, na wakaiacha kwenye santuri Missa Luba, misa ya Kilatini iliyojengwa kwa namna za kuimba za Waluba na majirani zao: mmoja anaanzisha, kundi linapokea, ngoma zinashika. Sehemu kubwa haikuandikwa kwenye karatasi. Ilizaliwa kwa kuimbwa pamoja. Ndiyo maana ukiisikiliza unaona watu ingawa hakuna picha. Unajua nani yuko mbele, nani yuko nyuma, nani amevuta hewa nyingi kwa ajili ya mstari mrefu unaokuja.

Miaka kumi baadaye, mwongozaji Lindsay Anderson aliiweka Sanctus ya wavulana wale kwenye filamu yake If...., iliyopata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969. Ndani yake kijana wa shule ya bweni ya Kiingereza anaipiga santuri hiyo tena na tena. Huyo ni shabiki anayerudisha nyuma, miongo kadhaa kabla ya simu, na anachokirudia ni kitu kilekile kinachorudiwa Mikumi: sauti moja inayoinuka peke yake na nyingine zinazoikimbilia.

Kwa hiyo mwanzilishi wa wimbo ndiye mhimili wa video, na kamera lazima iwe kwake kabla hajaanza. Wahariri wengi hukata kwenda kwa mwimbaji pale neno la kwanza linaposikika, na kwa kufanya hivyo wanaitupa pumzi. Kata sekunde moja mapema. Mpe mtazamaji nafasi ya kumwona mtoto akijiandaa, ili sauti ikitoka iwe jibu la kitu ambacho amekwisha kukiona. Kisha, kundi linapopokea, usiharakishe kurudi kwenye picha pana. Kaa kidogo kwenye uso wa mwanzilishi anapozisikia sauti za wenzake zikimfikia. Kwenye video ambazo nimeona watu wakizirudia, hiyo ndiyo picha inayowafanya watabasamu bila kujua.

Miguu nayo ni ushahidi. Kwaya ya Wavulana ya Kenya, chini ya Joseph Muyale, ilikwenda Washington Januari 2009 wakati wa kuapishwa kwa Barack Obama, na njiani ikasaini mkataba na kampuni ya muziki ya Universal katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Wavulana wale huimba kwa mwili mzima, na kishindo cha mguu ni saa ambayo kila mtu anaiona: kikilingana na ngoma, mtazamaji anaamini na midomo. Kwetu stepu hufundishwa vizuri sana, halafu kamera inawakata wavulana kiunoni. Sielewi kwa nini.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Sare nyeupe chini ya jua la saa sita humdanganya mpiga picha anayeiachia kamera ijipimie yenyewe: kamera inaokoa shati, uso unazama gizani. Libera, kwaya ya wavulana ya kusini mwa London iliyoanzishwa na Robert Prizeman, imeimba miaka mingi kwa kanzu nyeupe zenye kofia, na nyuso zao hazipotei kwa sababu mwanga unapangwa kwa ajili ya uso. Pima mwanga usoni. Shuti saa moja hadi tatu asubuhi, kisha rudi saa kumi jioni. Ukitaka kushuti mchana, wavishe rangi ya maziwa au bluu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo timu zetu hulisahau, na ni la ajabu kidogo. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kazi yao na kwaya ya Mtakatifu Thomas ya Leipzig, kwaya aliyoiongoza Bach enzi zake. Walipowaweka wasichana miongoni mwa wasikilizaji, wavulana wakubwa wa besi walizidisha nguvu ya sauti zao kwenye masafa ya karibu hezi 2,500 hadi 3,500, yale yanayoipa sauti mng'ao, bila kuharibu uimbaji wa pamoja. Mtu anayesikilizwa huimba vingine. Lakini sisi tunawapeleka watoto mbugani alfajiri, tunawasimamisha mbele ya kamera, dereva na mtu wa spika, halafu tunashangaa mbona nyuso zimekauka. Waleteni mama zao, dada zao, vijana wa mtaani. Kama hifadhini haiwezekani, shutini sehemu ya kuimba Kilosa mjini, kwenye uwanja wa kanisa, watu wakiwa wamekaa nyuma ya kamera. Mandhari yatafuata siku nyingine.

Wasikilizaji wa huku wanajua muziki, wala wasidharauliwe. Jimbo la Mikumi lilimpeleka bungeni rapa Professor Jay kuanzia 2015 hadi 2020, mtu aliyejenga jina kwa maneno yanayosikika wazi juu ya mdundo. Watu wa namna hiyo hawaridhishwi na mandhari ya nchi yao wenyewe. Twiga wanawaona wakiwa ndani ya basi.

La mwisho linahusu muda, na kwa kwaya ya wavulana ni zito kuliko yote. Kwaya inarekodi, fedha zinaisha, michango ya video inaanza, na miezi inapita. Katika miezi hiyo, kati ya umri wa miaka 12 na 15 hivi, koo la mvulana linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti inashuka karibu oktavu nzima. Siku ya kushuti, mwanzilishi ameshakuwa mrefu, kikoromeo kimetokeza, na spika inapiga sauti aliyokuwa nayo kabla ya kubalehe. Hawezi tena kuiimba, hata akitaka. Kilichobaki ni kufungua mdomo. Watu wanaomfahamu mtaani wanaligundua mara moja, na wanaoona kwa mara ya kwanza wanahisi tu kwamba kuna kitu hakikai sawa.

Ningekuwa mwalimu wa kwaya, siku ileile ya studio ningemsimamisha mwanzilishi karibu na dirisha baada ya kumaliza kurekodi, nikamshuti akiimba ubeti wake mzima kwa karibu, kwa simu nzuri iliyofungwa kwenye stendi, mara tatu. Picha hizo zingekaa zikisubiri michango itimie. Mpiga picha akija baadaye na droni yake kwenda uwanda wa Mkata, atapewa uso na pumzi ambazo tayari ni za sauti ileile inayosikika, na kazi yake itakuwa kuzitafutia mahali pa kukaa.