Mikono Katika Theluji: Kazi za Nyumbani Katika Vitabu vya Laura Ingalls Wilder

Kazi ya mkono ifanywayo nyumbani hupitwa na wahakiki wengi kama mkeka ulioanikwa uani: huonwa, lakini hauhesabiwi kuwa jambo. Riwaya ikieleza vita, safari au mapenzi, husemwa kuwa ina maudhui; ikieleza mama anayefuma soksi kando ya moto, husemwa kuwa ina mapambo. Mgawanyo huo umevidhulumu vitabu vingi, na vya Laura Ingalls Wilder umevidhulumu zaidi. Mwandishi huyu wa Marekani alizaliwa Wisconsin katika mwaka 1867, akatoa kitabu chake cha kwanza katika 1932 akiwa na umri wa miaka 65, akafariki katika 1957. Habari anayoisimulia ni ya jamaa yake mwenyewe: baba, mama na mabinti zao, wakihama toka mahali hata mahali katika nchi ya baridi kali. Katika habari hiyo ondoa sindano, uzi, kisu na kinu, na hadithi haina tena pa kusimama.

Kitabu cha kwanza, Little House in the Big Woods, chaeleza majira ya baridi katika nyumba ya magogo msituni. Theluji inapofika madirishani, kazi huingia ndani. Mama hukuna karoti na kutia rangi yake katika maziwa ili siagi ya wakati wa baridi isiwe nyeupe kama mafuta ya nyama; baba huyeyusha risasi na kuimimina katika kalibu, kisha usiku huchonga ubao wa kutundika ukutani, uwe zawadi ya Krismasi kwa mkewe. Asubuhi ya sikukuu, kila mtoto aliyelala nyumbani mle, binamu pia, huikuta soksi yake ina jozi ya glavu nyekundu za sufu pamoja na kipande cha peremende. Ni glavu za namna ile ambayo vidole vinne hulala pamoja na gumba hukaa peke yake, kwa kuwa vidole vilivyokaa pamoja hupeana joto. Laura peke yake huongezewa mwanasesere wa matambara, na hapo glavu husahauliwa, na mtoto wala msomaji.

Hapana budi kusimama juu ya usahaulifu huo. Ubao wa baba umeelezwa usiku kwa usiku, ua kwa ua, nyota kwa nyota, hata msomaji akaujua kama aliyeuchonga. Glavu zatokea zimekwisha. Mkono uliozifuma haukuonyeshwa ukizifuma, ijapokuwa jozi moja ni kazi ya jioni kadhaa, na jozi zilikuwa nyingi. (Kiswahili nacho kina uchoyo wake hapa: neno moja, kufuma, hubeba kitambaa cha mtambo na soksi ya sindano, kana kwamba ni kazi moja.) Huenda ikasemwa kuwa kitabu kinaona kwa macho ya mtoto, na mtoto hapaswi kuiona zawadi kabla ya siku yake. Jawabu hilo ni la haki. Hata hivyo mtoto huyo huyo aliuona ubao. Kazi ya baba ni tukio. Kazi ya mama ni hali ya nyumba, kama joto la jiko.

Katika vitabu vilivyofuata, zawadi za Krismasi hazitoki tena katika mikono ya wazazi peke yake. Katika Little House on the Prairie cha 1935, jirani aliyevuka mto uliofurika analeta vikombe vya bati, peremende, keki ndogo na senti, vyote vya dukani. Katika On the Banks of Plum Creek cha 1937, watoto wenyewe wanamtungia mdogo wao ushanga wa vifungo, ilhali joho la manyoya apewalo Laura latoka katika pipa la sadaka ya kanisa. Mwandishi hasemi neno juu ya mabadiliko haya. Ameyaacha yaonekane.

Lakini kitabu ambacho ndani yake kazi ya mkono yapimwa hasa ni The Long Winter, kilichotolewa katika 1940. Wilder alitaka kukiita The Hard Winter, yaani baridi ngumu. Wachapaji wakaona jina hilo ni zito kwa watoto, wakalibadilisha. Hasara ilikuwa ya wasomaji, kwani urefu si shida ya kitabu hiki, shida yake ni ugumu. Kinasimulia baridi ya 1880 na 1881 katika mji mchanga wa De Smet, katika nchi ya Dakota, ambako dhoruba ya kwanza ilishuka mwezi wa Oktoba. Theluji ikafunika reli. Tangu Januari hata Mei hapakufika treni. Makaa ya mawe yakaisha, mafuta ya taa yakaisha, unga ukaisha. Hapo ndipo mikono ilipoitwa.

Baba na Laura wanakaa katika kibanda cha ubavuni mwa nyumba, wakisokota majani makavu kama kamba, kuyakunja na kuyafunga yawe mithili ya kuni. Kuni hizo huungua upesi, na kwa hiyo kazi haina mwisho: joto la kuwawezesha wanaosokota ni lile litokalo katika walichokisokota. Wengine hupokezana kusaga ngano katika kinu kidogo cha kahawa, toka asubuhi hata usiku, kupata unga wa mkate wa siku moja. Majani makali yanachanja mikono ya Laura na kula ubavu wa koti lake. Mama anatia kiraka, na majani yanakula kiraka. Hii ndiyo sura iliyo bora kuliko zote katika mfululizo mzima. Sindano na majani vinashindana juu ya nguo moja, na sindano haishindi, inachelewesha tu. Msomaji aliyezoea kuviita vitabu hivi burudani ya jioni za baridi na asome ukurasa huo tena.

Mbele ya kazi hiyo isiyozaa kitu cha kudumu, Wilder ameweka kazi nyingine. Mary, dada mkubwa, amekwisha pofuka. Mama hukata nguo za sufu zilizochakaa kuwa vitambaa vyembamba, akatenga kila rangi katika sanduku lake. Mary hukumbuka kila sanduku lilipo, husuka vitambaa kwa kupapasa, na msuko mrefu hujizungusha chini kando ya kiti chake, ungojee kushonwa uwe zulia. Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Ni ukili. Msukaji wa miyaa naye husuka utepe mrefu kwanza, akaukunja, kisha akashona ukingo kwa ukingo hata mkeka ukatokea. Naye huweza kusuka akizungumza, akitazama mlango, hata gizani, maana ukili hukaa katika vidole zaidi ya macho. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo msomaji mwingine aweza kuona huruma kwa kipofu, anayejua ukili ataona ustadi. Nao ndio usomaji ulio karibu zaidi na nia ya kitabu, kwa kuwa katika baridi hiyo Mary ndiye mwenye mikono iliyotulia kuliko wote. Huketi pia kwenye kinu na kusaga bila kulalamika. Giza la taa iliyokosa mafuta halimpunguzii kitu.

Usiku mmoja baba anachukua fidla yake, na hawezi kuipiga. Vidole vimevimba na kukakamaa kwa baridi na kazi. Katika vitabu vilivyotangulia fidla ilikuwa alama kwamba siku imekwisha na nyumba i salama. Sasa kazi iliyoiokoa nyumba imeuharibu mkono uliokuwa ukiifurahisha. Mwandishi hakuongeza maneno mengi, na hakukosea. Mwandishi mdogo kuliko yeye angetia hapa ukurasa wa machozi.

Udhaifu wa kitabu wapatikana penginepo, nao si wa lugha. Mafuta ya taa yanapoisha, mama anatengeneza taa kwa kifungo, kipande cha kitambaa na grisi ya magurudumu ya gari, akikumbusha kuwa katika utoto wake hawakukosa nuru. Baba anakubali: mambo mapya, reli na telegrafu na makaa ya mawe, ni mazuri, ila watu huyategemea mno. Wako wasomaji waliokifanya kitabu chote kuwa ushahidi wa maneno hayo, kwamba jamaa moja yenye mikono hodari haimhitaji mtu. Rose Wilder Lane, binti wa mwandishi aliyeshika kalamu ya usahihishaji juu ya vitabu hivi, alikuwa mtetezi mkali wa mtu kujitegemea bila serikali, na wataalamu wamebishana sana juu ya kiasi cha mkono wake. Lakini kitabu chenyewe chapinga. Kifungo ni cha kiwandani, na kinu ni cha dukani. Ngano ya mwisho ni ile iliyoletwa na vijana wawili, Almanzo Wilder na Cap Garland, waliohatarisha maisha yao kwenda kuinunua mbali kwa fedha za wenye duka. Na mwenye duka alipotaka faida ya kupita kiasi, watu wa mji walikwenda pamoja kumkabili mpaka akapunguza bei. Mikono ya nyumba moja peke yake isingefika Mei.

Zaidi ya hayo, nyumba yenyewe haikuwa ya jamaa moja. Maandiko ya kwanza ya Wilder, yaliyoandikwa karibu na mwaka 1930 na kuchapishwa katika 2014 kwa jina la Pioneer Girl, yaonyesha kuwa baridi hiyo George na Maggie Masters walikaa nyumbani mle pamoja nao, na mtoto wao akazaliwa humo. Wilder hakumsifu George kwa bidii ya kazi. Katika riwaya amewafuta wote watatu, kwa makusudi. Kwa upande wa sanaa faida ni dhahiri: chumba kimekuwa kidogo, mlango umefungwa, kila mkono unaoonekana unafanya kazi. Kwa upande wa ukweli, palipokuwa na mwanamke mzazi wa kulishwa kwa ngano ile ile, na mwanamume asiyesokota, pamebaki watu sita wenye moyo mmoja. Hadithi ya namna kazi inavyogawanywa na kugombaniwa, ambayo ndiyo hadithi ya kila nyumba yenye watu wengi na chakula haba, imetolewa nje. Mwandishi wa riwaya anayo ruhusa ya kufuta. Mwalimu anayesomesha kitabu hiki kama historia hana ruhusa ya kunyamaza.

Mlango huo uliofungwa umewaacha nje na wengine. Mzee wa asili ya nchi hupewa ukurasa mmoja tu, aje dukani kutabiri ukali wa baridi kwa lugha ya kuvunjikavunjika, kisha aondoke. Ustadi wa watu wake wa kuishi katika theluji ile kwa karne nyingi hauelezwi hata kidogo, katika kitabu ambacho ustadi ndio kila kitu. Vitabu vya Wilder vilivyo dhaifu zaidi katika jambo hili vilisababisha, katika 2018, tuzo ya vitabu vya watoto ya Marekani iliyobeba jina lake kubadilishwa jina.

Pamoja na kasoro hizo, The Long Winter yakipita kitabu cha glavu nyekundu. Kile cha kwanza kinapenda kazi ya mkono kwa kuwa inapendeza. Hiki kinaijua, pamoja na gharama yake, ambayo ni mkono wenyewe. Treni inapofika hatimaye, laletwa pipa la Krismasi lililokwama njiani, na ndani yake bata mzinga aliyegandishwa na baridi kwa miezi yote hiyo. Jamaa wanaketi kula Krismasi mwezi wa Mei. Baba anaifungua fidla, anaikaza nyuzi, na safari hii vidole vinakubali.