Dizeli Ipi Isimame Mbele ya Gari la Umeme?

Nipe uhuru wa kuchagua gari la dizeli au petroli la kulinganisha, nami nitakupa jibu lolote utakalo kuhusu gari la umeme. Ukitaka umeme ushinde kwa kishindo, nitaleta Land Cruiser kuukuu yenye pampu iliyochoka, inayotoa moshi mweusi kila inapoona mlima. Ukitaka ushindwe, nitaleta gari dogo la haibridi kutoka Japani, lililonunuliwa mitumba, linalokwenda Arusha na kurudi kwa mafuta kiduchu. Hesabu zote mbili zitakuwa sahihi hadi nukta ya mwisho. Ujanja umeshafanyika kabla hujashika kikokotoo.

Kwa watu wa Karatu, kwenye njia ya Ngorongoro, hili ni suala la kazi. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilizindua magari ya safari ya umeme kaskazini mwa Tanzania. Nairobi nako kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, ilikuwa ikishusha injini za Land Cruiser na Land Rover na kufunga mota na betri. Tangu hapo kila mwenye magari matano au sita ya kuwapeleka wageni Ngorongoro amewahi kuonyeshwa jedwali lenye safu mbili, umeme na dizeli. Safu ya umeme huchunguzwa kwa jicho kali. Ile ya dizeli watu huipitia tu, kana kwamba dizeli ni moja.

Njia inayopendwa ni ya pacha. Unatafuta gari lililotengenezwa kwa namna zote mbili, mfano Ford Focus ya umeme na ya petroli, kisha unazilinganisha. Ni njia safi, lakini inadhani kwamba aliyenunua Focus ya umeme angenunua Focus ya petroli, jambo ambalo si lazima liwe kweli. Jianwei Xing, Benjamin Leard na Shanjun Li walilichunguza hilo Marekani, na utafiti wao ukachapishwa 2021. Waligundua kuwa magari ya umeme yalichukua nafasi ya magari yanayobana mafuta kuliko wastani wa magari mapya, na kwamba kama asilimia 12 ya magari yaliyopishwa yalikuwa haibridi. Anayelinganisha umeme na gari la wastani, basi, anaupa umeme sifa ambazo nyingine si zake.

Kwa hiyo swali langu huwa moja: gari hili la umeme lisingekuwepo, kazi yake leo asubuhi ingefanywa na gari gani?

Karatu swali hilo ni rahisi kuliko Dar es Salaam, maana mchujo wa kwanza unafanywa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kreta haishukwi na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Noah na Hiace, ambazo ndizo zinazobeba watu wengi barabara ya Mto wa Mbu, zinatoka kwenye orodha hata kabla hatujaanza kubishana. Inayobaki ni Land Cruiser ya safari: chesisi imerefushwa, paa linafunguka, viti sita au saba, na mara nyingi ndani yake ni 1HZ. Hiyo ni injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,164, bila tabo (turbo). Mafundi wanaipenda kwa sababu haina makuu.

Hilo la kukosa tabo lina uzito. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta unafika mita 2,300 hivi. Kule juu hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, na injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Mota ya umeme haijui habari hiyo. Lakini ukiweka mezani Land Cruiser mpya yenye tabo, sehemu kubwa ya faida hiyo ya umeme inayeyuka. Mwenye kampuni anayebadilisha magari yake ya zamani alinganishe na 1HZ. Aliyekuwa anataka kununua jipya alinganishe na jipya. Wawili hao wanaweza kuwa majirani, na majibu yao yakatofautiana.

Tuangalie kreta yenyewe. Gari linashuka kwa barabara ya Seneto na kupanda kwa ile ya Lerai, takriban mita 600 kutoka chini hadi ukingoni. Tuseme lina tani 3 pamoja na wageni. Kulinyanyua tu, ukiacha msuguano wa matairi, kunataka karibu uniti 5 za umeme, zilezile tunazonunua kwa LUKU. Lita moja ya dizeli ina nishati kama uniti 10, ila injini ikifanya vizuri huipa magurudumu theluthi hivi, iliyobaki ikawa joto. Kupanda Lerai, basi, ni zaidi ya lita moja na nusu. Wakati wa kushuka Seneto, dereva wa dizeli anaweka gia ndogo na hapati chochote. Mwenye umeme anarudisha sehemu ya uniti zake kwenye betri.

Anarudisha ikiwa betri ina nafasi. Gari lililolala Karatu limeshapanda mita 800 kabla ya kufika ukingoni, kwa hiyo nafasi ipo. Lililolala kwenye hoteli ya ukingoni na kuchajiwa hadi kujaa linaingia Seneto bila pa kuweka umeme, na breki za kawaida ndizo zinazofanya kazi. Gari lilelile, njia ileile, lakini si sawa kulipatia alama zilezile dhidi ya dizeli. Na kambi inayochaji kwa jenereta imerudisha dizeli mezani kwa mlango wa nyuma. Hiyo iandikwe kwenye safu ya umeme, hata kama inaudhi.

Kuna kosa jingine la kawaida, la kuchanganya gharama ambazo hazibagui. Ada ya gari kushuka kreta, ambayo miaka ya karibuni imekuwa dola 295 pamoja na VAT, inalipwa na wote wawili. Mshahara wa dereva ni uleule. Ukizijumlisha humo, tofauti ya mafuta inaonekana ndogo mno kwa asilimia, na muuzaji wa dizeli atakushukuru. Mimi huziondoa zote kwanza.

Gari la dizeli lililogeuzwa kuwa la umeme lina bahati ya kuwa na pacha wa kweli, yaani lenyewe kabla ya kushushwa injini. Bodi ni ileile, viti ni vilevile. Ungedhani hapo ubishi umekwisha, lakini 1HZ iliyoshushwa ina soko, na ikiwa nzima ni nadra iishie kwenye chuma chakavu. Itafungwa kwenye Land Cruiser nyingine ambayo injini yake imekufa, na itaendelea kupanda Lerai. Dizeli iliyoondoka barabarani ni ile iliyokufa, na kama gari lake lingekaa juu ya mawe mwaka mzima likisubiri injini, basi hakuna dizeli iliyoondoka. Anayetaka kuandika kiasi cha moshi kilichookolewa na ubadilishaji huo itambidi amuulize fundi wa gari la pili.