Sikio la Fundi wa Difu

Pikapu kuukuu ya dizeli, tuseme Hilux yenye injini ya 3L, ikianza kulia chini ya bodi, fundi mzuri hakimbilii spana. Anapanda, anamwambia dereva aendeshe, ananyamaza. Mvumo ukizidi mafuta yanapokanyagwa na kubadilika yanapoachiwa, shaka inaelekea kwenye difu. Ukibadilika gari linapokata kona, beringi ya gurudumu huchunguzwa kwanza. Na mlio wa "ko!" gia inapoingia? Mara nyingi krosi ya propela imelika.

Nawapongeza mafundi hawa kwa moyo wote, hasa kwa wanachofanya wakishafungua. Oili ya giaboksi humiminwa kwenye beseni na kupekuliwa kwa kidole: vumbi la rangi ya shaba ya manjano hutoka kwenye ringi za sinkronaiza, vipande vya chuma kwenye meno ya gia au beringi. Propela haitolewi kabla ya kutiwa alama, maana ikirudi imegeuka inaweza kutetemesha gari zima.

Kisha difu yenyewe. Pinioni na krauni, gia zake mbili zinazoumana, hupangwa upya; pinioni hukaa sawa kwa shimu, vibati vyembamba. Meno hupakwa rangi, huzungushwa, fundi husoma alama: imekaa katikati ya jino, au imekimbilia ukingoni? Ikiwa ukingoni anafungua tena, anabadili shimu, anapaka upya. Mara tatu, mara nne. Mwenye gari ananung'unika, magunia ya mahindi yanamngoja shambani. Fundi hafungi difu mpaka alama ikae.