Ugali bila mboga

Mwandishi akituambia "usiku huo walikula ugali bila mboga", amesema nini? Inategemea umekaa upande gani wa mpaka. Kule Tarime, mboga ni chochote cha kushushia ugali: mchicha, maharage, samaki, hata nyama. Bila mboga ni ugali mkavu, yaani njaa. Kwa Wakenya wengi mboga ni majani tu, sukuma au managu. Bila mboga, huenda kulikuwa na kuku mzima mezani.

Sasa mhusika awe wa Kegonga. Wakuria wako Kenya na Tanzania, Kikuria chao ni kimoja, lakini Kiswahili kiliwafikia kupitia shule mbili na redio mbili. Mhusika kama huyo amezoea kusikia mboga zote mbili. Msomaji wa Nairobi ana moja tu, na hadithi nyingi za mpakani zinamwachia hiyo hiyo.

Wahariri wetu wanahangaika na neno lingine kabisa: bibi. Wakiona "bibi yake alimngoja mlangoni", wanafuta, wanaweka "mke". Ati bibi ni mama wa mzazi, na Wakenya tumeharibu lugha. Mimi sikubali. Hata kadi ya harusi ya Dar es Salaam huandika bwana harusi na bibi harusi, na hakuna anayeuliza nani anaoa nyanya yake. (Naam, nyanya. Kule wangecheka tena, wakidhani ni ya kachumbari.) Sanifu yenyewe ilikuwa uchaguzi: mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja, na kamati ikaanza kazi 1930. Vitabu vya shule vilihitaji hivyo. Mazungumzo ndani ya hadithi hayahitaji.

Tena bibi hana hatari kubwa, kwa sababu sentensi yenyewe humsaidia. Akiwa na mimba, si ajuza. Mboga haimsaidii mtu. Maana zote mbili zinaingia sawasawa, msomaji anapita bila kushtuka, na familia iliyolala njaa inageuka familia iliyokula vizuri. Hapo ndipo kalamu nyekundu ingefanya kazi ya maana.

Faharasa mwisho wa kitabu? Hapana, hakuna anayeifungua. Afadhali mwandishi aweke kitu kwenye sahani, au aseme wazi kwamba haina kitu. Aweke hata vile visamaki vidogo vya Ziwa Victoria. Shida ndogo tu: ataviita omena au dagaa?