Kisu cha Greda

Desemba iliyopita mjukuu wangu alikuja kutoka Dar es Salaam kunijulia hali hapa Rungwe Mpya. Ana miaka 13. Baada ya shikamoo na habari za safari, alinitupia swali ambalo sikulitegemea: "Babu, unadhani mwakani watatoa katapila au kreni?" Nikadhani anasema habari za wakandarasi wa barabara. Kumbe anazungumzia vichezeo.

Nilimtaka anieleze, naye akanieleza kwa bidii ambayo ningefurahi kuiona katika hesabu zake. Iko kampuni ya Denmark iitwayo Lego, inayotengeneza vipande vidogo vya plastiki vinavyoshikamana, na katika boksi moja mtoto hupata vipande vya kuunda gari zima. Kila mwaka hutoka magari mapya. Kabla hayajatoka, wapenzi wake, na wengi wao ni watu wazima wenye kazi na familia, hukaa wakikisia. Husikia namba ya boksi tu, labda na idadi ya vipande, basi huanza mjadala. Vipande elfu mbili si vingi mno kwa trekta? Je, ni tipa? Magari ya aina aipendayo mjukuu wangu, yaitwayo Technic, kwa miaka mingi yamebeba namba zinazoanza na 42, na wapenzi hao huisoma orodha ya namba kama mkulima anavyolisoma wingu.

Mimi nilikuwa mwalimu, kisha mkuu wa chuo cha ualimu, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya darasa na kutoa hukumu juu ya kazi za wengine. Mazoea hayaishi kwa kustaafu. Basi nimeona nikihukumu kichezeo hiki kwa haki, kisha nivihukumu vichezeo vya watoto wa hapa, na mwisho nijihukumu mwenyewe, maana nami nina deni katika jambo hili.

Nianze na Lego. Aliyeianzisha mwaka 1932 katika mji mdogo wa Billund alikuwa fundi seremala, Ole Kirk Kristiansen, na vichezeo vyake vya kwanza vilikuwa vya mbao. Jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali la plastiki linaloshikamana kama tulijuavyo leo liliombewa hataza mwaka 1958. Wamepiga hesabu wakaona kuwa matofali sita tu ya aina moja, yenye vichomozo vinane kila moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna zaidi ya milioni 915. Mtu aliyebuni kitu kama hicho hapaswi kudharauliwa na mwalimu yeyote.

Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitoa katapila lenye vipande 3,854, mfano wa lile katapila kubwa la D11 ambalo uzito wake halisi unapita tani 100. Mjukuu wangu aliliona kwa rafiki yake. Anasema linakwenda lenyewe kwa mota, linainua bapa lake la mbele, na minyororo yake inazunguka sawasawa na ya kweli. Yeye mwenyewe aliwahi kupewa na mjomba wake boksi la gari dogo zaidi. Nikamwuliza: "Ulilijenga kwa siku ngapi?" Akasema siku nne. "Na siku ya tano?" Akafikiri kidogo. "Nikaliweka juu ya kabati, babu."

Hapo ndipo penye kasoro, nami sisemi kwamba kasoro ni ya plastiki. Ndani ya boksi mna kitabu cha maelekezo, na kitabu hicho hakikosei. Mtoto akikifuata hatua kwa hatua, katapila litatokea, na atakuwa ameona jinsi gia inavyoshikana na gia, jambo ambalo lina faida. Ila hakulazimika kuuliza kwa nini. Swali lilikwisha kuulizwa na kujibiwa na mhandisi wa Billund. Hata yale makisio ya kabla, ambayo ndiyo sehemu yenye uhai, hukatwa siku boksi linapotangazwa. Aliyekisia katapila husema, "Nilisema!" Aliyekisia kreni hununa. Kisha wote wawili wanakwenda dukani.

Sasa tuje kwetu. Watoto wa nyanda hizi za Kasulu na Kibondo nao wana magari yao. Liko gari la mabua ya mtama, lililopigiliwa vijiti vya mwanzi. Liko gari la waya, ambalo mtoto huliendesha akiwa amesimama: fimbo ndefu hutoka kwenye ekseli ya mbele hadi kiunoni, na juu yake kuna usukani wa mviringo. Magurudumu hukatwa kwenye ndala iliyochakaa. Katapila huundwa kwa udongo wa mfinyanzi au kwa mabua, na minyororo yake ni mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa kama mkanda.

Nao hukisia. Kwao gari jipya halitoki kiwandani. Linatoka kwenye kona ya barabara. Mwaka 1993, alipouawa Rais Ndadaye wa Burundi, wakimbizi waliingia mkoani kwetu kwa maelfu mengi, na mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Malori ya chakula yakaanza kupita, na magari meupe ya Umoja wa Mataifa yenye antena ndefu mbele. Muda si muda kila gari la waya nililoliona lilikuwa na antena ya spoku ya baiskeli. Katika miaka ya karibuni, ilipoanza kujengwa kwa lami barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, ambayo ni zaidi ya kilomita 260, zikaja mashine ambazo hata wazee hawakuwa na majina yake. Mtoto mmoja akitoka Kasulu na kusema ameona gari lenye gurudumu la chuma kama pipa, wenzake humzunguka. Pipa liko mbele au nyuma? Dereva anakaa wapi? Lina usukani? Kabla ya jua kutua, pipa limekwisha kuundwa kwa kopo la maziwa.

Sisemi haya ili kuusifu umaskini. Mtoto anaunda gari kwa bua kwa sababu hana kingine, na angepewa lile katapila la Denmark angelipokea kwa mikono miwili. Wala si kila gari la waya ni kazi nzuri. Mengi ni kuiga tu gari la kaka, kwa ukubwa uleule, na kosa lilelile la ekseli ya nyuma iliyopinda. Kazi mbaya ni mbaya hata ikiwa ya kienyeji. Lakini ile iliyo nzuri ina jambo moja ambalo boksi haliwezi kulitia ndani yake: aliyeikisia ndiye aliyeiunda, na kwa hiyo alipaswa kuamua kila kiungo kiwe wapi na kwa nini. Kiswahili chetu kinatofautisha. Kubahatisha ni kuliacha jambo kwa bahati. Kukisia ni kupima kwa jicho kabla ya kupima kwa kamba.

Hili sikulijua nilipokuwa na kalamu nyekundu mkononi. Nalisema sasa kwa kuwa nimefika umri ambao mtu hana tena cheo cha kulinda.

Mwaka 1988 nilikwenda kumkagua mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule ambayo sitaitaja. Somo lilikuwa Jiografia, mada ni njia za usafiri. Nilipewa kiti nyuma, pamoja na daftari lake la maandalio. Kwa dakika kumi mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa. Kisha mwanafunzi mmoja akasema amesikia kwamba baada ya masika litakuja greda kuichonga barabara. Darasa likachangamka. Katapila walikwisha kuliona. Greda hawakuwa wamewahi kuliona. Yule kijana, badala ya kuwarudisha kwenye somo, akauliza: "Mnadhani kile kisu chake kirefu cha kukwangulia kiko wapi?"

Karibu wote wakasema mbele, kama katapila. Msichana mmoja akasema katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Wakamcheka. Mwalimu akamwambia athibitishe. Akachukua rula, akaiweka juu ya vifutio viwili, kimoja kila mwisho, akasema hayo ndiyo magurudumu. Kisha akainua ule mwisho wa mbele kwa upana wa kidole. "Gurudumu likipanda tuta," akasema, "kisu kilicho mbele kinapanda na tuta lote, tena zaidi. Kilicho katikati kinapanda nusu tu." Wengine wakatoka vitini wakaja kutazama. Wakaanza kubishana wote kwa pamoja, huku mmoja akichomoa bua kutoka kwenye fagio kuunda lake.

Msomaji mpendwa, mambo ndivyo yalivyo. Ndiyo maana greda husawazisha barabara ilhali katapila husukuma kifusi. Mtoto wa darasa la tano aliifikia kanuni hiyo kwa rula na vifutio viwili, juu ya mashine ambayo hajapata kuiona. Nami nilifanya nini? Niliitazama saa yangu. Katika fomu niliandika: "Somo limetoka nje ya andalio. Kelele. Muda umepotea." Nikampa alama ya chini, na baada ya kipindi nikamshauri, kwa upole wa wakubwa, kwamba mwalimu mzuri haulizi swali ambalo jibu lake halimo kitabuni.

Nilikuwa na sababu zangu. Vitabu vilikuwa vichache, madarasa yamejaa, na mwalimu anayelipoteza darasa lake hulipata tena kwa taabu. Andalio la somo nalo ni kitu chema. Nimelifundisha maisha yangu yote wala silikani leo. Lakini sababu hizo hazikunizuia kuona. Nilimwona yule msichana. Nililiona darasa limemzunguka. Nikaandika "kelele".

Miaka michache iliyopita nilikutana na yule mwalimu msibani, upande wa Kibondo. Nywele zake zimekuwa nyeupe kama zangu. Alinishika mkono akaniita Mkuu, kama zamani, nasi tukakaa kwenye mkeka pamoja. Mazungumzo yalipofika kwenye kazi, nikamkumbusha siku ile, kwa nia ya kumwomba radhi kwa mzaha, jinsi wazee wanavyoomba radhi. Hakucheka.

"Greda lilikuja, Mkuu," akasema. "Wiki tatu baadaye. Watoto wote walikimbilia dirishani. Kisu kilikuwa katikati. Yule msichana akanigeukia, akanitazama, anangoja niseme neno."

"Ukasema nini?"

"Nikawaambia wakae chini tuendelee na somo. Wewe ulikuwa umenishauri." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, bila chuki yoyote: "Niliufuata ushauri wako, Mkuu. Miaka yote."

Sikuwa na jibu, wala sina mpaka leo. Nimekwisha kusaini vyeti vya walimu wengi. Ni wangapi waliofuata ushauri wangu, sitajua.

Basi jioni ile ya Desemba, mjukuu wangu alipomaliza habari za Denmark, nilimwuliza: "Kisu cha greda kiko wapi?" Akajibu mara moja: "Katikati, babu." Ameliona kwenye picha mara nyingi. "Kwa nini?" Akafungua kinywa, akakifunga. Alijua greda lina magurudumu mangapi, alijua hata majina ya makampuni yanayoliunda, lakini hilo hakuwahi kuulizwa.

Ulimi ulinicheza nimweleze. Ualimu ni ugonjwa. Nikauzuia, nikamwambia tu kwamba nyuma ya jiko kuna mabua, na watoto wa jirani wana kisu. Alitoka. Nilisikia sauti zao hadi giza lilipoingia, wakibishana, huyu akisema mbele, yule akisema haiwezekani, na gari moja likavunjika kwa sababu bua lilikuwa bichi. Mama mmoja akaita watoto wake waje kula, hawakuitika. Zilikuwa kelele kubwa. Nilikaa kibarazani nikazisikiliza zote.