Mdai Ana Haki, Mdaiwa Ana Heshima: Kanuni za Mikopo ya Simu Katika Mizani ya Fiqhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeijaalia aya ndefu kuliko zote katika Kitabu Chake kuwa ni aya ya kuwafunza waja namna ya kuandikiana deni. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tangu Novemba 2012, mikopo ya benki ilipoanza kupatikana kwa kubonyeza simu nchini Kenya, mlango ulifunguka ambao wengi wa ndugu zetu wameuingia bila ya kuuliza hukumu yake. Nyuma ya benki zikaja kampuni nyingi za programu za simu, zisizo na ofisi inayojulikana wala msimamizi. Mtu akichelewa kulipa, wanaodai hawakumpigia yeye peke yake. Walikwishachukua majina yote yaliyomo katika simu yake, wakampigia mwajiri, mkwe, jirani, hata imamu wa msikiti anaoswalia, na kuwaambia kwamba fulani ni mwizi.

Serikali ya Kenya ilichukua hatua. Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina ya watu katika taasisi za taarifa za mikopo, zile ambazo mitaani huitwa CRB, na ikaamuliwa kuwa deni lisilofika shilingi 1,000 lisimchafulie mtu jina. Disemba 2021 sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa, na Machi 2022 zikatoka Kanuni za Watoa Mikopo wa Kidijitali. Kanuni hizo zilikataza vitisho, matusi, kumwaibisha mdaiwa hadharani, na kuwapigia watu waliomo katika simu yake. Disemba 2024 wigo wa sheria ulipanuliwa kuwaingiza watoa mikopo wengine wasiopokea amana.

Baadhi ya ndugu zetu wanazisifu kanuni hizi kana kwamba zimemaliza kazi. Wengine wanazidharau wakisema kuwa sheria ya kibinadamu haiwezi kuwa na kheri. Sisi tunaona kauli zote mbili zina upungufu. Inafaa kuzipima kanuni hizi kwa mizani ya fiqhi, lililo la haki tulikubali na lenye kasoro tulibainishe.

HAKI YA MDAI ISIPUUZWE

Tuanze na upande ambao wazungumzaji wengi huupita haraka. Deni katika Uislamu ni jambo zito. Amepokea Imam Muslim kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Na katika Sahih Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni asiyeacha cha kulilipa, akawaambia Maswahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni lile juu yake ndipo akamswalia.

Vile vile, mdai ana haki ya kusema. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kisa cha mtu aliyemdai Mtume (s.a.w.) ngamia na akatumia maneno makali. Maswahaba walipotaka kumwadhibu, Mtume (s.a.w.) aliwazuia, akabainisha kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamrisha alipwe ngamia bora kuliko wake. Basi kijana anayekopa akiwa na nia ya kubadilisha laini ya simu ili asipatikane, asitafute kinga katika makala haya. Huyo anakula mali ya watu kwa batili.

JE, HADITHI YA MWENYE UWEZO INARUHUSU KUMWANIKA MDAIWA?

Wako wanaotetea kutangazwa kwa wadaiwa kwa kutumia Hadithi waliyoipokea Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, yenye maana ya kwamba kuchelewesha kwa mwenye uwezo kunahalalisha heshima yake na adhabu yake. Hadithi hii ndiyo dalili yenye nguvu kuliko zote katika mlango huu, nayo inahitaji kusomwa kwa makini. Ndani yake mna mambo mawili.

La kwanza ni sharti. Hadithi imemtaja al-waajid, yaani aliye nacho. Asiye nacho hakuingia humu, bali ameingia katika aya ya 280 ya Suratul Baqarah, ambayo imeamrisha apewe muhula mpaka apate wasaa, na ikaeleza kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Imam Nawawi (r.a.) katika Minhaj, mlango wa taflisi, ameeleza kwamba ufukara wa mdaiwa ukithibiti haijuzu kumfunga wala kumganda, bali huachwa mpaka apate. Tunajua kwamba Imam Abu Hanifa (r.a.) ameruhusu mdai kumfuata mdaiwa huyo, lakini hata kumfuata huko ni kati ya watu wawili, wala hakumaanishi kuwafuata jamaa zake wote.

La pili ni kipimo. Kuhalalika kwa heshima kuna mpaka. Bukhari amenukuu tafsiri ya Sufyan, kwamba mdai ataruhusika kusema kuwa fulani amenichelewesha, na adhabu ni kufungwa. Kufunga ni kazi ya kadhi, si ya mdai. Kwa hiyo kilichoruhusiwa ni kusema jambo la kweli, kuhusu deni hilo, kwa mwenye kuhusika. Kumwita mtu mwizi, kusambaza picha yake, au kumtukana mzazi wake, hayo hayana njia katika Hadithi hii. Atakayeitumia kwa hayo ameibebesha yasiyokuwemo.

Kutokana na hapo tunaona kwamba kanuni za 2022 zilisibu katika kukataza vitisho na fedheha. Jirani aliyemo katika simu ya mdaiwa si mdhamini. Dhamana katika fiqhi haithibiti ila kwa ridhaa ya anayedhamini, na Qur'ani imekariri kuwa mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Kuchukua majina ya simu kwa kisingizio kwamba mwenyewe alibonyeza "nakubali" hakusaidii kitu, kwani majina yale ni amana za watu wengine, na mtu hawezi kutoa idhini ya kisicho chake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina ya watu kwa njia hiyo. Huko ni kuondoa dhulma, na Muislamu hulikubali jema popote linapotoka.

ANAYEIMLISHA DENI NI NANI?

Ama taasisi za taarifa za mikopo, asili yake si haramu. Fatima bint Qays (r.a.) alipomtaka ushauri Mtume (s.a.w.) kuhusu watu wawili waliomposa, alimweleza kwamba Muawiya ni mtu asiye na mali. Imepokewa na Muslim, na wanazuoni wameitaja Hadithi hii katika mambo yanayotoka nje ya kusengenya. Anayetaka kukopesha naye ana haki ya kumjua anayemkopesha, madhali habari ni ya kweli na inaishia kwa mwenye kuihitaji.

Kasoro iko kwenye namna ya kuandika. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah imeamrisha kwamba anayeimlisha maandishi ya deni awe ni yule aliye na deni juu yake, amche Mola wake na asipunguze chochote. Hekima yake iko wazi: kukiri kwake ni hoja juu yake, na mwenye nguvu hawezi kumwandikia asichokikiri. Katika mfumo wa leo mambo yamegeuzwa. Mkopeshaji ndiye anayeimlisha, taasisi inaandika, na mdaiwa anapata habari siku anaponyimwa mkopo au kazi. Kanuni zilijaribu kulitibu hilo kwa kumtaka mkopeshaji amjulishe mteja kabla ya kupeleka habari mbaya, na kumpa mteja haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka na kupinga lililo la makosa. Ni dawa nzuri, lakini haimfai asiyejua kuwa ipo. Wangapi katika maamuma wetu wamewahi kuiomba ripoti hiyo?

Kuna kasoro nyingine mbili. Ya kwanza, mfumo haumtenganishi mwenye uwezo na asiye nacho. Siku 90 zikipita, aliyeficha mali na aliyepoteza kazi huandikwa kwa wino mmoja, ilhali kutofautisha baina yao ndio msingi wa mlango mzima wa taflisi. Ya pili, habari mbaya hubakia miaka 5 baada ya deni kulipwa. Itasemwa kwamba mkopeshaji anahitaji kujua historia. Tunajibu: na ijulikane kama ilivyo, kuwa alichelewa kisha akalipa. Ama kumnyima mtu riziki kwa deni alilokwisha lilipa ni kuendeleza adhabu baada ya sababu yake kuondoka, na hukumu huzunguka pamoja na sababu yake.

KASORO KUBWA NI RIBA

Hayo yote ni matawi. Shina lenyewe kanuni hazikuligusa, nalo ni riba. Mkopo wa kwanza wa simu ulitozwa asilimia 7.5 kwa siku 30 kwa jina la ada ya uwezeshaji. Katika mikataba kinachozingatiwa ni maana, si majina, na ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba hata ikaitwa zawadi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa liliamua Jeddah mwaka 1990 kwamba haijuzu kumtoza mdaiwa ziada kwa sababu ya kuchelewa, iwe kwa sharti la awali au bila sharti.

Sheria ya Mabenki ya Kenya, kifungu cha 44A kilichoanza kutumika mwaka 2007, inaweka mpaka: deni lililokwama likisharudufika, riba isimame. Msomaji wa aya ya 130 ya Aal Imran ataona jambo la kustaajabisha. Pale ambapo Qur'ani imetaja ziada ya maradufu kwa kuikemea, sheria imepafanya kuwa ndio kituo cha kusimamia! Tunakubali kwamba ziada yenye kikomo ina madhara madogo kuliko isiyo na kikomo, lakini kupunguza madhara hakugeuzi haramu kuwa halali.

Hapa pana kosa la upande wa pili, na tumeulizwa juu yake na vijana zaidi ya mara moja: madhali mkopo ni wa riba, je, si halali kutolipa? Jawabu ni hapana. Aya ya 279 ya Suratul Baqarah imewapa wenye kutubia rasilimali zao, wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Rasilimali ni deni kamili katika shingo ya aliyeichukua. Ziada ndiyo batili kisheria, na anayelazimishwa kuilipa kwa nguvu ya sheria ya nchi, dhambi ya ulaji iko kwa anayeila, na juu yake yeye ni kutubia kuingia kwake.

NUSU ILIYOSAMEHEWA

Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango ambao benki zilisamehe nusu ya mikopo ya simu iliyokwama, ile ya muda wa siku 30 au chini, na mdaiwa akapewa hadi mwisho wa Mei 2023 kulipa iliyobaki. Watu zaidi ya milioni 4 walikuwa wameorodheshwa vibaya. Waliotangaza mpango huo walizungumza lugha ya uchumi, lakini mwanafunzi wa Hadithi atakumbuka kisa alichokipokea Bukhari na Muslim. Kaab bin Malik (r.a.) alimdai Ibn Abi Hadrad (r.a.) ndani ya msikiti mpaka sauti zikapanda. Mtume (s.a.w.) akafunua pazia la nyumba yake, akamwashiria Kaab asamehe nusu. Kaab akakubali. Kisha akamwambia mdaiwa asimame akalipe.

Tazama mizani hiyo. Mdai ameombwa, hakunyang'anywa. Mdaiwa amepunguziwa, hakuachwa akimbie. Na suluhu imefanyika ndani ya msikiti. Hili la mwisho ndilo linalotuuma: kisa kile kilimalizwa msikitini, na sisi tumeyaacha madeni ya maamuma wetu yamalizwe na wapiga simu.

WAJIBU WETU

Kwa maimamu: ukipokea ujumbe kwamba fulani anadaiwa, usiusome kwa watu wala usiusambaze, kwani kuusambaza ni kuikamilisha kazi ya aliyeutuma. Mwite mhusika kwa siri, umwulize kama anacho au hana. Akiwa nacho mwamrishe alipe. Akiwa hana, kumbuka kwamba wenye madeni ni fungu katika mafungu manane ya Zaka, aya ya 60 ya Suratut Tawba. Imam Nawawi amesahihisha kuwa hata aliyekopa katika maasi hupewa akitubia. Kwa nini basi Zaka zetu nyingi ziishie kwa sarafu za mlangoni, na mwenye deni tunayemjua aendelee kutafunwa na riba?

Kwa wadaiwa: zijue haki zako na uzitumie. Omba ripoti yako, pinga kilicho cha uongo, na ukitishwa peleka malalamiko kwa Benki Kuu au kwa Kamishna wa Data. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeweka tume ya kupokea malalamiko. Kudai haki yako hakukuondolei deni lako.

Na kwa wenye mali: Mtume (s.a.w.) amemwombea rehema mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai. Qardh hasan katika misikiti yetu imebakia kuwa mada ya darsa. Mpaka itakapokuwa sanduku lenye fedha, mwandishi na mashahidi, ndugu zetu wataendelea kubonyeza simu, na kanuni nzuri kuliko hizi hazitawatosha.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.