Mcheza Santuri Hachezi: Uhakiki wa Istilahi za Muziki wa Kukodi

Shabaha ya makala haya ni kuhakiki istilahi chache zinazotumika kuhusu muziki unaopigwa kwa mitambo katika dansi na sherehe. Hatukusudii kuongeza orodha ya maneno juu ya orodha zilizopo. Tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi mbili zilizoenea, yaani mcheza santuri na dijei, zimeificha kazi moja iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kazi ya kuchagua wimbo. Kazi isiyo na jina ni vigumu kuisifu, na ni vigumu zaidi kuikosoa.

Tuanze na mcheza santuri. Katika Kiswahili ngoma hupigwa na mpigaji, nayo huchezwa na mchezaji. Watu hawa wawili hawachanganywi. Wazee wetu nao walipiga santuri, kama walivyopiga kinanda. Waliocheza ni wale waliokuwa uwanjani. Kwa mantiki ya lugha yenyewe, basi, mcheza santuri ni yule anayeifuata santuri kwa miguu yake, wala si yule aliyeiweka juu ya mashine. Istilahi hii imefuata Kiingereza, ambacho hutumia kitenzi kimoja kwa mpira, kwa ngoma na kwa santuri. Kwamba santuri zenyewe zimekuwa adimu, na nyimbo sasa hutoka katika kompyuta na flashi, si hoja kubwa, kwa maana majina huishi kuliko vitu. Kosa liko katika kitenzi.

Ama dijei, hatuna ugomvi na utohoaji. Neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga muziki limeingia katika lugha yetu mara mbili: kwanza likawa beni, ngoma ya magwaride iliyoenea kutoka pwani hadi bara, kisha likaingia tena likawa bendi. Kila moja lilipata maana yake na mahali pake. Herufi za mwanzo za jina la jeshi la wakoloni, King's African Rifles, zilitupa neno keya. Maneno hayo yalitusaidia kwa sababu kila moja lilitaja kitu kimoja. Dijei halitaji kitu kimoja.

Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kwenda Jamaika, ambako sanaa ya kupiga santuri hadharani kwa mitambo mikubwa ilikua mapema na kwa upana usio wa kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, watu kama Tom the Great Sebastian, Duke Reid na Clement Dodd walisimamisha maspika makubwa katika viwanja vya Kingston kwa ajili ya wananchi ambao hawakuwa na uwezo wa kukodi bendi. Mitambo, gari la kuibeba na watu wake viliitwa kwa jina moja tu: sauti. Ndani ya kundi kazi ziligawanywa. Mmoja alichagua santuri na kuziweka. Wa pili alishika maikrofoni, akaongea na kughani juu ya muziki. Miongoni mwa wa mwanzo alikuwa Count Machuki, na baadaye U-Roy aliyesikika na mitambo ya King Tubby. Wa tatu aliangalia mashine, nyaya na nguvu ya sauti. King Tubby mwenyewe alikuwa fundi wa vyombo vya umeme.

Sasa jambo la kuzingatia ni hili: huko Jamaika, dijei ni yule wa pili, mwenye maneno. Anayechagua santuri ana jina lake mbali. Huko Marekani mambo yaligeuka. Clive Campbell, mzaliwa wa Kingston aliyejulikana kama Kool Herc, alipopiga santuri katika sherehe ya Bronx mwezi wa Agosti, 1973, dijei alikuwa mwenye mashine, na mwenye maneno akaja kuitwa kwa jina jingine. Sisi tumepokea maana ya Marekani. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili anayesoma habari za rege huambiwa kwamba U-Roy alikuwa dijei, akamdhania ni mtu wa kubadilisha santuri. Wenzetu wa Nairobi, ambako makundi kama Shashamane International na Supremacy Sounds yameukuza utamaduni huu, wameliona pengo hilo na kulijaza kwa neno selekta. Wamefanya vema kuliona pengo. Swali letu ni kama halingeweza kujazwa kwa akiba tuliyo nayo.

Twende basi Ruvuma, kuanzia Kitura katika milima ya Mbinga hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, Liuli na Mbamba Bay. Katika pwani zote mbili za ziwa hilo huchezwa mganda, ambao upande wa Malawi huitwa malipenga. Ni ngoma ya wanaume, jamaa ya beni, inayohusishwa na watu waliorejea kutoka katika utumishi wa keya baada ya vita vya 1914–1918. Wachezaji hujipanga safu kama askari, ngoma kubwa hupigwa, na malipenga ya vibuyu huimba. Wanawake wana kioda chao. Kijiji hualika kijiji, na mashindano huamuliwa na macho na masikio ya watazamaji. Katika ngoma hiyo hakuna anayemchanganya mpigaji na mchezaji, wala kiongozi na mfuasi.

Mpambano wa Kingston, ambapo makundi mawili ya mitambo hushindana hadi moja linyamaze, si jambo geni kwa watu wenye mila hiyo. Kilicho kigeni ni namna ya ushindi. Huko mteuzi hushinda kwa wimbo ambao mpinzani hana, hata walikuwa wakikwangua maandishi katikati ya santuri ili jina lake lisisomwe. Umati ukipagawa, sindano huinuliwa na wimbo hurudishwa mwanzo. Kinachohukumiwa ni uteuzi: wimbo gani, baada ya upi, na kwa wakati gani.

Kwetu hukumu imeelekea kwingine. Katika harusi na kipaimara watu hukodi muziki kama wanavyokodi viti na maturubai, na muziki hapo maana yake ni mitambo. Matumizi haya ni mazuri mno, yanalingana na Wajamaika walioita mitambo yao sauti, na tunashangaa kuona watunga istilahi wakihangaika na “mfumo wa sauti” huku wananchi wamekwisha kulipata neno. Lakini sifa inayotolewa ni moja tu: muziki mnene. Husifiwa unene, yaani ukubwa wa mashine, aliyechagua hatajwi. Akikosea, akaweka wimbo wa vijana wakati wazee wanainuka kucheza, twasema muziki ni mbaya, kana kwamba maspika yamekosa adabu.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi tatu zipewe majina matatu. Anayechagua nyimbo aitwe mteuzi. Mwenye maneno juu ya muziki aitwe manju, jina la kiongozi wa nyimbo za ngoma tangu kale. Mwenye mitambo aitwe fundi wa muziki, kama aitwavyo sasa. Mtu mmoja akizifanya zote tatu, na aitwe dijei kama watu wapendavyo. Neno hilo halitakuwa na madhara tena.

Huenda ikasemwa kwamba mteuzi limekwisha kuchukuliwa na serikali, ambako huteuliwa mabalozi na wakuu wa wilaya. Twajibu kwamba methali ilitangulia: mteuzi haishi tamaa. Mteuzi wa methali hana madaraka; ana ulimi unaotambua kizuri na kutamani kilicho bora zaidi. Huyo ndiye tunayemtafuta. Huenda pia ikasemwa kwamba manju hutunga, ilhali mwenye maikrofoni huropoka. Wapo wanaoropoka, kama walivyokuwapo manju wabaya. Lakini aliyepewa jina la manju anaweza kuulizwa ametunga nini, ilhali mshika maikrofoni haulizwi kitu.

Istilahi haitungwi ili kupamba kamusi. Hutungwa ili watu waweze kuhukumiana kwa haki. Siku watu wa Kitura watakapotoka harusini wakisema kwamba muziki ulikuwa mnene lakini mteuzi alikuwa mvivu, uhakiki wa sanaa hii utakuwa umeanza.